Nepal na uhaba wa watu wanaoijua China

Desemba 2024, K. P. Sharma Oli, waziri mkuu wa Nepal wakati huo, alikwenda Beijing kusaini hati ya ushirikiano chini ya Mpango wa Ukanda na Njia, mpango wa China wa kujenga miundombinu katika nchi nyingine. Hati ilikuwa imekwama kwenye neno moja. Nepal ilitaka iandikwe kwamba miradi itagharamiwa kwa ruzuku, na China haikulitaka neno hilo. Oli naye hakuwa na pa kulegezea, kwa sababu mshirika wake katika serikali ya mseto, chama cha Nepali Congress, alikuwa ameshasema wazi kwamba hataki kusikia mkopo mpya wa China. Wakavutana, na tarehe 4 Desemba wakasaini maneno yaliyowapa wote pa kupumulia: miradi ingegharamiwa kwa "ufadhili wa msaada".

Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, ikaingia kwenye mabishano. Msaada ni ruzuku, au msaada ni mkopo? Wengine waliona Oli amewazidi Wachina ujanja wa maneno, wengine waliona amezidiwa yeye. Jibu lilikuwa limeshachapishwa miaka 13 kabla.

Aprili 2011 serikali ya China ilitoa waraka mweupe, yaani tamko rasmi la sera, kuhusu misaada yake kwa nchi za nje. Waraka ule unataja aina tatu za fedha za msaada: ruzuku, mkopo usio na riba, na mkopo wa masharti nafuu. Zote tatu zinakaa chini ya mwavuli mmoja, na mwavuli huo unaitwa yuanzhu, yaani msaada. Ruzuku ina jina lake la kuitofautisha: hutanguliziwa neno wuchang, bila malipo. Kwa hiyo katika Kichina cha ofisini, ukisaini "msaada" bila kuongeza "bila malipo", umesaini kwamba huenda utalipa na huenda hutalipa. Neno lenyewe ukilitazama lilivyoandikwa, 援助, alama ya kwanza ina mkono upande wa kushoto na ya pili ina nguvu upande wa kulia. Mkono upo, nguvu zipo, ila habari ya nani atarudisha nini haimo.

Msomaji wa Tanzania asicheke haraka. Reli ya TAZARA tumeiita msaada wa Wachina tangu iliposainiwa mwaka 1967, na haikuwa kosa kuiita hivyo, lakini fedha zake zilikuwa mkopo usio na riba. Msaada wenye deni ndani yake tulishauona sisi kabla Wanepali hawajaanza kubishana.

Ninachotaka kusema kuhusu Nepal ni hiki. Nchi hii ya watu wapatao milioni 29, yenye mpaka wa zaidi ya kilomita 1,400 na China, imepata vijana wengi wanaosema Kichina. Watu wanaoisoma China, yaani wanaokaa na nyaraka zake, bajeti zake, magazeti ya majimbo yake na historia yake kama kazi ya maisha, ni wachache mno. Na hawapungui kwa bahati mbaya. Mfumo mzima wa kuwatengeneza umeelekezwa kwingine.

Ukipita Thamel, mtaa wa watalii wa Kathmandu, utaona mabango ya Kichina juu ya hoteli, migahawa na maduka ya mawe ya thamani. Vijana wanaoongoza watalii wanajifunza Kimandarini kwa sababu kinalipa, na wana haki. Chuo Kikuu cha Kathmandu kina Taasisi ya Confucius tangu 2007. Kampasi ya lugha za kigeni ya Chuo Kikuu cha Tribhuvan, pale katikati ya jiji, inafundisha Kichina pia. Mwaka 2019 magazeti ya Nepal yaliripoti kwamba shule kadhaa binafsi zimefanya Kichina kuwa somo la lazima, na sababu ilikuwa ya kimfukoni kabisa: mishahara ya walimu ilikuwa inalipwa na ubalozi wa China. Mwalimu wa bure, nani atamkataa?

Tatizo linaanza hapo. Mwalimu aliyelipwa na ubalozi atakufundisha salamu, namba, hati za kuandika kwa brashi, sikukuu ya mwaka mpya na namna ya kukunja maandazi yao ya nyama. Hutamtarajia akufundishe jinsi benki ya Exim ya China inavyopanga masharti ya mkopo, au kwa nini mkuu wa mji fulani anapanda cheo na mwingine hapandi, au nini kilitokea Lhasa, mji mkuu wa Tibet, Watibeti walipoasi mwaka 1959. Simlaumu, maana hakuajiriwa kwa ajili hiyo. Halafu kijana akifaulu mtihani wa lugha anapata ufadhili wa kwenda kusoma China, na wengi waliokwenda wamerudi madaktari na wahandisi. Nepal inawahitaji sana watu hao. Lakini daktari aliyesoma China anajua ini na figo kwa Kichina, si namna wizara ya fedha ya Beijing inavyoamua.

Na huyo mmoja kati ya mia anayesomea siasa au historia ya China, akirudi anakaa wapi? Wizara ya mambo ya nje humpeleka ofisa Beijing kwa miaka michache, na kabla hajajua nani ni nani, anahamishiwa nchi nyingine ambako Kichina chake hakimsaidii chochote. Vyuo vikuu vya umma vinalipa kidogo, na uteuzi wa wakuu wake umekuwa uwanja wa vyama vya siasa kwa miongo mingi. Nchi ambayo fedha zinazotumwa na wafanyakazi walio nje ni karibu robo ya pato la taifa imezoea kumsindikiza uwanja wa ndege kila mwenye ujuzi. Mjuzi wa China naye anasindikizwa, na anakwenda kuwa mjuzi wa China wa Australia au wa Marekani.

Wanaobaki wanaisoma China kwa Kiingereza. Hapo ndipo mtego wa pili ulipo, na mimi nauona mkubwa kuliko wa kwanza. Vitabu na ripoti za Kiingereza kuhusu China zinazofika Kathmandu nyingi zimeandikwa Delhi na Washington, na zinajibu maswali ya Delhi na Washington. Mfalme Prithvi Narayan Shah, aliyeiunganisha Nepal karne ya 18, aliifananisha nchi yake na kiazi kikuu kilichobanwa kati ya mawe mawili. Kila mwanasiasa wa Nepal ameurudia usemi huo mpaka umeisha chumvi. Hata hivyo kiazi kinachosikiliza habari za jiwe la kaskazini kutoka kwa jiwe la kusini kina shida ya aina yake.

Linalouma ni kwamba Nepal haikuwa hivi. Mwaka 1260 fundi kijana kutoka bonde la Kathmandu, Araniko, alikwenda Tibet na kundi la mafundi, akaishia katika baraza la Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia. Stupa nyeupe, mnara wa ibada wa Kibudha, aliyoijenga, iliyokamilika 1279, bado imesimama Beijing. Barabara ya Kathmandu hadi Kodari mpakani, waliyoijenga Wachina miaka ya 1960, imepewa jina lake, na hotuba ya kidiplomasia isiyomtaja Araniko sijaisikia.

Ila mimi wanaonivutia zaidi ni wafanyabiashara wa Kinewar, kabila la bonde la Kathmandu, waliokuwa na maduka Lhasa. Hawa walikwenda na misafara, wakakaa miaka, wakasema Kitibeti kama wenyeji, wakaoa huko, wakazaa watoto walioitwa khachara, wakajua ni ofisa gani anachukua nini na njia ipi imefungwa na theluji. Hakuna chuo kilichowapa shahada. Ujuzi wao ulikuwa kwenye daftari za mauzo na kwenye koo za familia, ukipita kutoka baba kwenda mwana. Baada ya mambo ya Tibet kubadilika miaka ya 1950 na biashara ile kufifia mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakarudi nyumbani wakafungua maduka Kathmandu. Watoto wao wakajifunza Kiingereza. Maktaba nzima ikafa kwa kustaafu.

Kuna na hadithi ya wajumbe. Mwaka 1792 jeshi la Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China, lilivuka Himalaya kuwaadhibu Wagurkha, watawala wa Nepal, walioshambulia Tibet, likateremka hadi karibu na Nuwakot, si mbali na Kathmandu. Amani iliyofuata iliitaka Nepal ipeleke ujumbe Beijing kila baada ya miaka 5. Ujumbe wa mwisho uliondoka mwaka 1906. Katika vitabu vya Qing, zile zilikuwa safari za mtu wa chini kuleta heshima kwa mfalme wake. Katika macho ya baraza la Kathmandu, zilikuwa kupelekeana zawadi kati ya majirani, na nafasi nzuri ya biashara. Wajumbe walibeba hata kasumba ya kuuza njiani. Pande mbili zilifanya tendo moja kwa zaidi ya miaka 100, kila upande ukiliita kwa neno lake. Ukimaliza kusoma habari hiyo ukarudi kwenye "ufadhili wa msaada", unajua kwamba mwaka 2024 haukuwa mwanzo.

Pokhara nayo ina hadithi ya jina. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa mji ule wa ziwani ulijengwa na kampuni ya Kichina, CAMC, kwa dola takriban milioni 216, na mkopo wa benki ya Exim ulisainiwa mwaka 2016. Nepal ilijiunga na Mpango wa Ukanda na Njia Mei 2017. Uwanja ukafunguliwa tarehe 1 Januari 2023, na siku moja kabla, ubalozi wa China ukautangaza mtandaoni kuwa ni mradi wa mfano wa Ukanda na Njia. Serikali ya Nepal ikashangaa, kisha ikashikilia kuwa hakuna hata mradi mmoja wa mpango huo uliotekelezwa nchini. Nani mkweli? Ukiuliza kwa kalenda, Nepal. Ukiuliza kwa desturi za Beijing, swali lenyewe halina maana, kwa sababu Ukanda na Njia haujawahi kuwa orodha yenye mipaka. Ni bendera, na bendera hutundikwa hata kwenye nyumba iliyojengwa zamani. Mtu aliyewahi kufuatilia jinsi maofisa wa China wanavyoyapa majina mapya mambo ya zamani ili yalingane na kaulimbiu ya kiongozi angewaonya mapema kwamba tangazo linakuja. Ndege za kimataifa za ratiba, kwa muda mrefu baada ya kufunguliwa, hazikuja. Deni lilikuja.

Hapa mtu atasema: basi fundisheni Kichina zaidi. Nami namwomba aitazame Singapore.

Singapore ni kisiwa ambacho robo tatu ya watu wake wana asili ya China. Kichina hakikuwa tatizo lao. Mwaka 1994 serikali mbili zilisaini mkataba wa kujenga eneo la viwanda katika mji wa Suzhou, China, Singapore ikiwa na asilimia 65 ya hisa na ahadi za viongozi wakubwa wa Beijing mkononi. Mji wa Suzhou ulikuwa tayari na eneo lake lingine la viwanda, la upande wa pili, ambamo hisa za mji zilikuwa nyingi zaidi. Unadhani maofisa wa mji walimpeleka mwekezaji wapi? Mwaka 1997 Lee Kuan Yew, mwasisi wa Singapore, alilalamika hadharani. Mwaka 2001 Singapore ikateremka hadi asilimia 35, Wachina wakachukua usukani, na eneo likaanza kustawi. Watu waliozungumza na wenzao kwa lugha moja, wakala nao meza moja, hawakuwa wamepima umbali uliopo kati ya neno la Beijing na maslahi ya manispaa.

Singapore ilikuwa na chombo cha kujifunzia makosa hayo. Mwaka 1983 Goh Keng Swee, mchumi aliyejenga uchumi wa kisiwa kile, alianzisha taasisi ya kusoma falsafa za Asia ya Mashariki. Wakati ule hamu ilikuwa maadili ya Confucius. Mwaka 1992 taasisi ikaelekezwa kwenye siasa na uchumi wa China, na mwaka 1997 ikawa Taasisi ya Asia ya Mashariki ndani ya chuo kikuu cha taifa, ikiongozwa na mwanahistoria Wang Gungwu. Fedha zilikuwa za Singapore. Watafiti walitoka popote, wakiwemo Wachina wenyewe. Kazi yao kubwa ilikuwa kuandika maelezo mafupi ambayo mawaziri wangeyasoma. Nepal haina fedha za Singapore, najua. Lakini taasisi ile haikuanza na jeshi la watu, na chimbuko lake lilikuwa waziri mmoja aliyeona kwamba nchi ndogo haiwezi kuazima macho.

Somo la Suzhou linaihusu Nepal kwenye geti la mpakani kuliko mahali pengine popote. Baada ya tetemeko la Aprili 2015, kivuko cha Tatopani, kilichokuwa mlango mkuu wa biashara na China, kilifungwa, na hakikufunguliwa tena hadi Mei 2019. Miezi michache baada ya tetemeko, India nayo ikabana mpaka wa kusini, gesi ya kupikia ikaadimika, na Nepal ikakimbilia kaskazini kutafuta njia. Machi 2016 Oli akasaini Beijing mkataba wa usafirishaji; mwaka 2019 ukaongezewa itifaki inayoipa Nepal haki ya kutumia bandari 4 za China na bandari kavu 3. Kwenye karatasi, nchi isiyo na bahari ilipata bahari. Kisha ikaja korona, na makontena ya wafanyabiashara wa Nepal yakakwama upande wa Tibet kwa miezi. Bidhaa za sikukuu ya Dashain zikafika sikukuu imepita.

Kila mara waziri alipanda ndege kwenda kuuliza Beijing, au alimwita balozi. Wenye maduka walikuwa na swali lao: ufunguo wa geti anao nani? Ni forodha? Ni serikali ya mkoa wa Tibet? Ni watu wa usalama, ambao kwao mpaka ule ni habari ya Watibeti kabla ya kuwa habari ya biashara? Wengi Nepal wanaamini ni hao wa mwisho. Kwa nini ibaki kuwa imani? Lhasa kuna ubalozi mdogo mmoja tu wa nchi ya kigeni, nao ni wa Nepal. Marekani imeutaka mlango huo kwa miaka mingi bila kuupata. Nepal imeketi ndani ya chumba ambacho dunia nzima inachungulia kwa nje, na haijakifanya kuwa darasa.

Kama ningeulizwa, na sijaulizwa, ningeanza hapo Lhasa na watu wachache sana. Kumi na wawili wanatosha. Nusu yao wajue Kitibeti sawasawa, kwa sababu mpaka wa Nepal ni wa Tibet kabla haujawa wa China, na kwa sababu watoto wa Himalaya wa Humla, Mustang na Dolpo wanakua na lugha za jamii hiyo midomoni bila mtu kuwaona kama hazina. Mmoja au wawili wafungiwe na barua za wajumbe wale wa karne ya 19 mpaka wazisome pande zote mbili. Mmoja asome mikataba tu. Ufadhili wa masomo wa China waupokee, mbona si haramu, ila kazi ya kurudia iwe imeshaandikwa kwenye bajeti ya Nepal kabla hawajaondoka, na isibadilike chama kikibadilika. Hilo la mwisho ndilo gumu. Serikali za Nepal hazidumu, na ile ya Oli iliangushwa na vijana Septemba 2025, miezi tisa tu baada ya safari ile ya Beijing. Mjuzi huchukua miaka 15 kuiva.

Lipo pia jambo la hofu. Msomi anayeandika kuhusu Tibet anajua kwamba viza inaweza kukataliwa bila maelezo, na kwamba serikali yake, inayotamka msimamo wa China moja, yaani kwamba Tibet na Taiwan ni sehemu ya China, kila wiki, haitamtetea. Kwa hiyo anachagua mada ya Araniko. Sioni dawa rahisi ya hili. Naona tu kwamba mtu mwenye mshahara wa uhakika nyumbani anaweza kuvumilia kunyimwa viza, na mtu anayeishi kwa mialiko ya makongamano hawezi.

China yenyewe haijawahi kulichukulia jambo hili kwa mzaha. Radio yake ilianza matangazo ya Kinepali mwaka 1975, na vyuo vikuu vyake vina vituo vya kuisomea Nepal. Wazee wetu wa Pwani waliosikiliza Radio Peking wanakumbuka sauti za Wachina wakisema Kiswahili tangu 1961, wakati wahandisi wa TAZARA hawajatia mguu Dar es Salaam. Waliisoma lugha kwanza, reli ikaja baadaye.

Alfajiri ya tarehe 8 Julai 2025 mto Bhotekoshi ulifurika ghafla Rasuwagadhi, ukalibeba daraja la urafiki linalounganisha nchi mbili pamoja na magari na makontena yaliyokuwa yakisubiri forodha. Watu walikufa na wengine hawakupatikana, wakiwemo Wachina waliokuwa kazini pale. Upande wa Nepal hakukuwa na mvua ya kueleza maji yale. Wataalamu walipotazama picha za setilaiti, walikuta ziwa lililokuwa juu ya barafu, ndani ya Tibet, limemwagika. Kati ya ziwa lile na daraja kulikuwa na kilomita nyingi za mto, na upande wa chini hakukuwa na mtu aliyepigiwa simu.